Kumi na Mmoja Kwenye Mkeka

Siku Akidi alipoondoka Kampala kwa mara ya mwisho, mumewe Ocen alikuwa amesimama langoni Ntinda, akilinda jengo lisilo na mtu ndani.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 2021. Serikali ilikuwa imefunga barabara za kutoka wilaya moja kwenda nyingine kwa sababu ya korona. Maiti iliruhusiwa kusafiri, lakini kwa kibali, na kibali kilikuwa na nafasi ya majina manne: dereva na watu watatu. Ocen alikuwa wa kwanza kuandikwa. Akapiga simu kwenye kampuni yake ya ulinzi kuomba siku tatu. Mkubwa wa zamu akampa pole, akamkumbusha kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, kisha akamweleza kwamba mlinzi ni mtumishi wa lazima, na mtumishi wa lazima haachi lango. Jina la Ocen likakatwa, likaandikwa la shemeji yake.

Gari liliondoka Nsambya saa nne asubuhi, likashika barabara ya Bombo, ambayo haipiti Ntinda. Ocen alijua saa tu. Ilipofika saa nne alivua kofia, akasimama wima kando ya lango, akabaki hivyo mpaka alipokadiria kwamba wamekwisha pita Kawempe. Halafu akavaa kofia, akafungua kitabu cha wageni, akaandika: "Saa nne. Hakuna mgeni. Hali shwari."

Walikuwa wameoana mwaka 1987, mwaka mmoja baada ya vita. Ocen alikuwa konstebo aliyechujwa na kurudishwa kazini; Akidi alikuwa msichana aliyekuja kambi ya polisi ya Nsambya kumtembelea dada yake kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo zilichukua miaka thelathini na nne. Waliishi katika yunipoti, kile kibanda cha bati cha mviringo ambacho polisi hupewa akae humo na mke na watoto na joto lote la mchana, na kila mwaka Akidi alisema kwamba Ocen akistaafu watarudi Padibe, kwao. Kwanza kulikuwa na vita huko kaskazini. Vita ilipoisha kukawa na karo. Karo ilipoisha Ocen akastaafu, wakahamia chumba cha kupanga chini ya kilima kile kile cha Nsambya, naye akavaa sare nyingine, kwa sababu hakujua asubuhi huanzaje bila sare. Basi Akidi akarudi Padibe peke yake, kwa kibali.

Jengo lile la Ntinda lilipangwa na kampuni ya Ubelgiji ya kutafuta vifurushi vilivyopotea. Mtu wa huko akiagiza viatu, na viatu visifike, alipiga simu kwa hasira. Simu hiyo ilipokelewa Ntinda na kijana wa Bukavu aliyefundishwa Kifaransa na mapadri, naye alimwambia kwa sauti ya upole kwamba viatu viko njiani. Kampala ina Wakongo wengi wenye Kifaransa kizuri na kazi mbaya, na Wabelgiji walikuwa wameligundua hilo kama walivyowahi kugundua mambo mengine ya Kongo. Wafanyakazi walikuwa kumi na mmoja. Kumi walikuwa Wakongo, na wa kumi na moja alikuwa Anena, Mwacholi, fundi wa kompyuta.

Korona ilipoingia, wote walipewa kompyuta za mkononi wakafanyie kazi nyumbani. Korona ilipotoka, hawakurudi. Wabelgiji hawakujali, ila kwa sharti moja: mkataba wa bima ulisema kazi inafanyika Kampala, kwa hiyo kila mtu awe na nyumba Kampala. Na ili isiwe kazi ya kuaminiana, kila mmoja alipewa simu yenye programu ya kuonyesha mahali alipo. Huko Gent, Ubelgiji, mama mmoja aitwaye Rosalba, mkubwa wa watumishi, alifungua ramani kila asubuhi akaona nukta kumi na moja za buluu zimetawanyika juu ya vilima vya Kampala, akanywa kahawa yake kwa amani.

Lakini mtu akishajua kwamba kazi haihitaji miguu yake, miguu huanza kutafuta pa kwenda. Guerschom, msimamizi wa ofisi, ndiye aliyetuma barua ya kuwaonya wenzake wasitoke mjini. Aliiandikia Fort Portal, kwenye baraza ya nyumba inayotazama mashamba ya chai. Exaucée alihamia Kabale, akasema ubaridi wa kule unamkumbusha kwao. Barnabé alikwenda Jinja, akawa anawatuliza Wabelgiji huku akisikia maji ya mto. Anena ndiye aliyegundua kwamba nukta haikuwa mtu. Nukta ilikuwa simu.

Kwa hiyo mmoja baada ya mwingine walipita langoni, wakamkabidhi Ocen simu, sukari na sabuni. Masharti yalikuwa machache. Simu isizime. Isikae mahali pamoja kutwa. Ikilia mlio wa kuuliza kama mtu yupo, abonyeze kitufe cha kijani. Na juu ya yote, isitoke mkononi mwake. Sababu hawakumwambia, naye hakuuliza. Katika miaka yote ya polisi alikuwa amelinda benki isiyo na hela, mkutano usio na mgeni, na mara moja, wiki nzima, shimo la barabarani. Hakuwahi kuuliza sababu hata siku moja.

Aliyeuliza alikuwa Marie-Jeanne, Mkongo wa Mengo aliyeuza chakula cha mchana, hasa sombe, yaani kisamvu, kando ya lango, ambaye wote walimwita Mama Victoire.

"Afande," alimwambia siku moja, "weye ni mulinzi ama ni muchungaji wa masimu?"

"Amri ni amri."

"Amri ya nani? Wote walikimbia. Minapika sombe ya watu kumi na moja, minaikula mie peke. Angalia mwili."

"Mwili hauna ubaya."

"Mgane, chunga macho yako." Akamtupia kitambaa cha kufutia meza. "Na ile mifuko ya suruali itapasuka. Leta vipimo."

Akamshonea kizibao cha kitenge chenye picha za jogoo, mifuko kumi na mmoja, sita mbele na mitano mgongoni, kila mfuko umetariziwa herufi ya mwenyewe. Ocen akakivaa chini ya koti la sare. Tangu hapo wafanyakazi wa vifurushi waliishi maisha mazuri na ya nidhamu. Asubuhi walitoka Nsambya kwa miguu wakafika Ntinda mapema. Adhuhuri walizunguka soko. Jumapili wote kumi na mmoja walihudhuria misa ya kwanza kule Nsambya, akiwemo Barnabé, ambaye alikuwa mlokole wa kanisa la hema na alikuwa amekula kiapo kwamba hataingia tena kwa Wakatoliki. Huko Gent, Madamu Rosalba aliandika katika ripoti ya mwaka kwamba hajapata kuona timu inayopendana namna hii.

Mwezi wa kwanza mwaka 2023 kaka yake Ocen, Ocaya, alipiga simu kutoka Padibe. Mavuno yalikuwa yamekwisha kuingia ghalani, mtama upo, na ukoo ulikuwa umekaa. Guru lyel ya Akidi, yaani matanga ya mwisho ya kufunga msiba, ingekuwa mwezi wa pili, Alhamisi mpaka Jumamosi.

"Nitaomba ruhusa," Ocen alisema.

"Ulimzika kwa simu," Ocaya akamwambia. "Nilikushikia simu juu ya kaburi mpaka mkono ukafa ganzi. Na kumlilia utamlilia kwa simu?"

"Nimesema nitaomba."

"Omba vizuri. Mgane asipokuwepo msiba haufungwi. Mkeo atabaki amesimama nje ya ua mpaka na wewe ufe, na mimi ndiye ninayeishi hapa nikimwona."

Safari hii kampuni ya ulinzi haikukataa. Ilitoa fomu. Fomu ilitaka sahihi ya mwakilishi wa mteja, itiwe hapo hapo kwenye jengo. Ocen akampigia Guerschom kwa simu yake mwenyewe, ile ndogo ya tochi.

"Bwana Guerschom, nina fomu hapa. Inataka sahihi yako, ofisini."

"Bon, mimi niko ofisini, Papa Ocen."

Ocen akageuka akalitazama jengo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na juu ya kizingiti cha mlango njiwa alikuwa anaatamia.

"Bwana, ofisi ninayo hapa mbele yangu. Hauko."

Upande wa pili wa simu ng'ombe akalia.

"Niko ofisini kikazi," Guerschom alisema. "Mwili tu ndio uko pengine."

"Na sahihi ni ya kazi ama ya mwili?"

"Sahihi nitatuma kwa picha. Unataka siku ngapi?"

"Tano. Ni matanga ya mwisho ya mke wangu."

Hapo Guerschom akalainika. Alikuwa mtu mwema, ila mwenye haraka. Kwa Wakongo wa Kampala matanga hukaliwa pale marehemu alipoishi: viti vya kukodi uani, turubai, nyimbo, chai ya tangawizi. Aliwaza ua wa Nsambya, turubai la Nsambya, na nukta kumi na moja zimetulia Nsambya. Haikumpitia akilini kwamba Mwacholi hawezi kumfungia mtu msiba mahali ambapo hakuzikwa.

"Pole sana, Papa. Chukua tano. Lakini simu zisitoke mkononi mwako. Ukila, ziko nawe. Ukilala, ziko nawe. Popote unapokwenda."

"Popote, Bwana?"

"Papa Ocen, nimesema popote."

Ocen akafungua kitabu, akaandika saa, na amri.

Alipanda basi la Kitgum Jumatano asubuhi na kizibao chake, na mfuko uliojaa chaja. Mama aliyekaa karibu naye alivitazama vile vifua vya jogoo vinavyowakawaka kwa taa za simu mpaka Luweero, kisha akashindwa kujizuia.

"Mzee, unauza?"

"Hapana. Ni watu wa ofisi."

Yule mama akahamia kiti cha nyuma.

Kwenye daraja la Karuma, maji ya Nile yakivuma chini, simu zote zikalia pamoja kuuliza kama watu wapo. Ocen akabonyeza kijani mara kumi na moja: yupo, yupo, yupo. Baadaye sana Anena ndiye aliyemsimulia yaliyotokea Gent saa ile. Madamu Rosalba alikuwa ameweka kikombe mdomoni. Aliona timu yake nzima imetoka Kampala kwa mstari mmoja, inakwenda kaskazini kwa mwendo wa basi, imevuka mto, haisimami. Kwanza alidhani vita vimeingia mjini. Akafungua habari za dunia. Kampala ilikuwa salama. Akakaa akiitazama ramani mpaka jioni, nukta zilipofika mahali ambapo ramani haikuwa na jina lolote, zikatulia.

Mahali hapo palikuwa uani kwa Ocaya.

Ocen hakuwa ameliona kaburi. Wakamwonyesha, nyuma ya nyumba ya marehemu mama yao, saruji yenye msalaba na tarehe mbili. Lilikuwa fupi kuliko alivyodhani. Alisimama pale akitafuta la kusema, na kilichomjia ni kile alichozoea kuandika kila siku ya kazi, hali shwari, akanyamaza.

Siku ya kwanza ya matanga watu walijaa. Wanawake walikuwa wamekwisha chachusha kwete, pombe ya nafaka, na nyama ilikuwa jikoni. Shangazi Lamwaka, dada wa baba yao, mwanamke mkongwe ambaye hakuna msiba uliofungwa Padibe bila neno lake, alisimama kuwaeleza watu Akidi alikuwa nani. Alikuwa amefika kwenye siku ya harusi wakati kifua cha Ocen kilipolia, halafu mgongo.

"Ni nini kinachokulilia kifuani?" Lamwaka akauliza.

"Ni wenzangu wa kazi, shangazi."

"Wamekuja?"

"Kwa njia yao."

Ocaya akacheka. "Watu kumi na mmoja, na hata mguu mmoja hakuna. Angalau nyama itatosha."

"Wewe nyamaza, ulizaliwa na njaa," Lamwaka akamwambia. Kisha akamgeukia Ocen, akamtazama kwa muda, kizibao na yote. "Mgeni ni mgeni. Watandikiwe mkeka wakae. Ukiwabeba namna hiyo kifuani huwezi kulia."

Mkeka ukatandikwa karibu na kaburi. Ocen akavua kizibao, akazipanga simu moja moja, akiwataja kwa majina ili watu wawajue: huyu Guerschom, huyu Barnabé, huyu Exaucée. Wazee waliitikia kila jina. Mtu akaweka kibuyu cha kwete mbele yao. Na Ocen, ambaye kifua chake kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ile langoni, alikaa chini kwenye vumbi akalia mpaka jua likahama.

Kesho yake asubuhi simu ndogo ya tochi ikalia.

"Papa Ocen, uko wapi?" Sauti ya Guerschom ilikuwa nyembamba.

"Niko matangani, Bwana. Ulinipa ruhusa."

"Matanga ni wapi?"

"Padibe."

"Padibe ni mtaa gani?"

"Si mtaa, Bwana. Ni wilaya ya Lamwo. Ukizidi kwenda kidogo ni Sudani Kusini."

Ocen akaangalia kama mtandao umekatika.

"Na simu?"

"Zote zipo. Zimekaa kwenye mkeka. Zina chaji, kaka yangu ana sola."

"Papa Ocen," Guerschom alisema polepole, kama mtu anayemwongoza kipofu ukingoni, "panda basi. Sasa hivi. Urudi nazo Kampala leo. Gent wameniandikia kuuliza, nitasema ramani iliharibika, nitasema lolote. Lakini leo."

Ocen akatazama uani. Vijana walikuwa wanakaza ngozi za ngoma kwa moto. Siku ya kufunga ilikuwa kesho. Alijua sauti ile ya amri. Alikuwa ameitii maisha yake yote, aliitii hata siku ile kibali kilipokuwa na nafasi ya jina lake. Mdomo wake ulikuwa umekwisha funguka kusema ndiyo.

"Bwana," alisema, "kesho ndiyo siku yenyewe."

"Utapoteza kazi."

"Ndiyo."

"Tutapoteza wote. Watu kumi na mmoja, Papa, na familia zao."

Hilo lilimchoma. Akawatazama pale mkekani, Exaucée aliyekuwa akimletea sabuni ya harufu, Anena, Barnabé.

"Basi njooni mzichukue," akasema. "Mimi sitoki hapa mpaka msiba ufungwe." Akakata simu. Hakuwa amewahi kumkatia mkubwa simu.

Ocaya alikuwa amesikia. Alileta kiti akakaa karibu naye, na kwa Ocaya hilo lilikuwa jambo kubwa.

Hazikupita saa mbili, simu ikalia tena. Safari hii Guerschom alizungumza kama mtu aliyekimbia.

"Papa, matanga yanafungwa saa ngapi kesho?"

"Jioni. Kwa nini?"

"Madamu Rosalba amenipigia. Ameuliza tunafanya nini huko sote. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema tuko msibani. Mke wa mwenzetu amefariki, tumekwenda sote."

"Huo ni ukweli nusu," Ocen alisema.

"Amelia, Papa. Kwenye simu. Amesema kwao watu hawafanyi hivyo tena. Anataka picha. Sote kumi na mmoja, na mfiwa katikati, kabla ya Jumatatu." Akavuta pumzi. "Msifunge mpaka tufike."

Ocen akamfikishia shangazi yake habari hiyo kama alivyoipokea. Lamwaka alikuwa anachambua mbaazi. Hakuinua kichwa.

"Akidi hakungojewa na mtu," alisema. "Na yeye hatamngoja mtu. Waendao watafika."

Walifika. Magari mawili ya kukodi yaliingia uani Jumamosi saa nane, vumbi jekundu limewapaka wote rangi moja. Wengine walikuwa wamesafiri siku nzima na usiku. Exaucée alishuka na sweta la Kabale katika jua la Padibe la mwezi wa pili. Guerschom alikuwa na suti. Kwa karibu miaka mitatu walikuwa wameonana kwenye kompyuta, kuanzia kifuani kwenda juu, kwa hiyo walisimama uani wakitazamana miguu. Kumbe Barnabé ni mrefu namna hii. Kumbe Exaucée anachechemea kidogo. Wawili waliokuwa wakigombana kila wiki kwenye mikutano ya kazi walisalimiana kwa adabu, hawakujuana, mpaka mmoja wao alipokohoa.

"Haya," Guerschom akasema, akipiga makofi, "kila mtu akae mbele ya simu yake. Papa Ocen katikati. Tupige picha, tusiwasumbue wenyeji."

"Huyu ni nani?" Lamwaka akauliza, na Anena akalazimika kumtafsiria Guerschom kilichofuata. "Mwambie kwenye mkeka huo hawakai watazamaji. Anayekaa hapo analia. Baadaye mtapiga picha mpaka mtosheke."

Wakatazamana. Kisha wakakaa, na wakaanza kulia kama watu walioombwa walie: wengine wakaficha nyuso, Barnabé akaomboleza kwa Kifaransa, sauti ile ile ya upole ya kuwaambia watu kwamba viatu viko njiani. Watoto wakaja kuwatazama. Ilikuwa aibu tupu, na Ocaya alikuwa ameziba mdomo kwa kofia.

Halafu Guerschom akaacha kulia kwa uongo. Aliinamisha kichwa kikabaki hapo. Mama yake alikuwa amefia Bukavu mwaka ule ule wa korona, mipaka imefungwa, na alikuwa amemzika kwa simu, ameketi barazani Fort Portal, na mtandao ulikatika kabla ya udongo. Asubuhi yake alikuwa ameingia kazini saa mbili kamili. Hakuna aliyejua, kwa sababu kuanzia kifuani kwenda juu alionekana mzima. Sasa alilia kwa sauti mbaya, sauti isiyojua Kifaransa, suti imejaa vumbi, na wenzake wakanyamaza mmoja mmoja. Ocen akasogea akakaa naye bega kwa bega. Hawakuambiana pole. Ngoma ikaanza.

Jioni Lamwaka alimwaga kwete mlangoni pa nyumba, akamwita Akidi mara tatu, akamwambia aingie, na msiba ukafungwa. Picha ikapigwa mwisho kabisa, kukiwa na mwanga kidogo. Watu kumi na wawili wenye macho mekundu.

Gent waliipenda mno. Madamu Rosalba aliitundika ukutani. Barua ikaja kwamba kampuni imejifunza kutoka kwa watu wake wa Uganda kwamba nyumbani si anuani. Kwamba mkataba wa bima umebadilishwa, kila mtu sasa akae popote moyo wake unapopenda, bila simu na bila ramani. Na kwamba, kwa kuwa watu hukutana pale wanapohitajiana, jengo la Ntinda halihitajiki tena, wala lango lake. Guerschom alimpigia Ocen kumsomea barua hiyo mwenyewe. Alipofika kwenye lango alisoma haraka.

Waliporuhusiwa kukaa popote, wanne kati yao walirudi Kampala mwaka ule ule. Exaucée alikuwa wa kwanza; alisema Kabale kuna baridi na watu wanalala mapema. Amepanga Ntinda, hatua chache kutoka ofisi ya zamani, na analalamika juu ya foleni kama kila mtu. Jengo limechukuliwa na shule ya udereva. Mama Victoire bado yuko kando ya lango na sombe yake, anawapikia wanafunzi ambao, anasema, wanakula kwa woga.

Ocen alirudisha koti la sare Kampala, akachukua godoro, sufuria mbili na cheti chake cha polisi, akapanda basi. Anaishi Padibe, katika nyumba ya marehemu mama yake, kaburi la Akidi likiwa nyuma. Mwaka huu mvua za mwezi wa nne zimechelewa, na bado hajapanda mtama.